Kokoto za Nyang'oro

Tulitoka Tukuyu na matone kwenye kioo,
mvua ile ya kwetu isiyojua kuaga,
migomba ikitupungia majani yaliyochanika.
Baba alikuwa ameazima Noa ya mjomba Gwakisa,
mlango mmoja haufunguki ila kwa nje,
na Mama alipakia madumu matatu ya maji
kana kwamba tunahama.
"Huko tuendako," alisema, "mvua ni mgeni wa siku mbili."

Tulilala Iringa. Asubuhi, Kihesa ikiwa nyuma yetu,
nchi ikaanza kuvua nguo.
Kwanza kijani, kisha kahawia,
kisha rangi ambayo dada Tumwimbe aliiita
rangi ya mkate uliosahaulika.
Isimani mabua ya mtama yalisimama
kama watu waliofika mkutanoni
na mkutano ukaahirishwa.

Lusajo, miaka mitano,
alikuwa hajawahi kuiona dunia mpaka mwisho wake.
"Nyasi zimeliwa na nani?"
Baba akasema ng'ombe.
Mama akasema jua.
Bibi hakusema kitu. Alishika picha.

Picha yenyewe haizidi kiganja cha mtoto:
babu Ambakisye, nyundo begani,
kifua wazi, meno yote nje,
nyuma yake jabali lenye ufa
kama mdomo unaotaka kupiga chafya.
Na mgongoni, kwa wino uliokimbia:
*Nyang'oro, 1971. Tunavunja mawe. Nakula vizuri.*
"Mwongo," Bibi alisema.
"Alirudi mbavu zinahesabika."

Tukateremka mlima kwa gia ya pili,
kona juu ya kona, breki zikinuka,
masikio yakiziba na kuzibuka,
na bonde likafunguka:
miiba, mchanga, mito iliyobaki majina,
vilima vya samawati vikipokezana hadi Ugogoni,
na mbali kabisa bwawa la Mtera,
jembamba,
wembe ulioachwa juani.

Jabali hatukuliona.
Tulishuka, tukapanda, tukashuka tena,
Baba akianza kumlaumu mpiga picha.
Kijana muuza asali alitucheka:
"Lami hii ni ya juzi, Bibi.
Barabara ya wazee ilipita kule,"
akaonyesha kwa kidevu, korongoni.

Ikabidi tutembee.
Miiba ilimdai Mama sketi yake, ikalipwa kipande.
Na kweli ilikuwepo:
ukanda wa kokoto, upana wa lori moja,
migunga imeota katikati bila aibu,
kinyesi cha mbuzi kila mahali.
Jabali halikuwepo.
Au lilikuwepo lote, vipande vipande,
chini ya viatu vyetu.

Bibi akavua kandambili.
Hakulia, hakuomba;
tulikuwa tumejiandaa kwa vyote viwili.
Alikanyaga tu, hatua kumi na mbili, kumi na tatu,
akishtuka kwa moto wa mawe,
kama tajiri anayekagua kazi
kabla ya kumlipa fundi.
"Imenyooka," alisema.

Hapo Lusajo akakojoa, katikati ya barabara ya babu yake,
na mchanga ukanywa kabla hajamaliza.
Mama aliinua mkono.
"Mwache," Bibi akasema. "Mvua yenyewe ndiyo hiyo."

Mtera tulinunua kambale wakavu, mafungu manne,
Baba akigombana na bei hadi muuzaji akamhurumia.
Bibi alitaka wa kuchoma. Akala mzima,
kichwa, mkia, vidole,
akafuta mikono kwenye khanga, akatoa picha,
akaiambia kitu kwa Kinyakyusa
ambacho upepo ulikichukua.

Dumu moja tu lilifunguliwa safari nzima.
Mengine tuliyarudisha Tukuyu, yakiwa yamejaa,
mvua ikiwa palepale mlangoni tulipoiacha.
Picha ilirudi ndani ya Biblia pamoja na kokoto moja,
na tangu hapo Biblia haifungi.
Noa ilinuka samaki hadi Pasaka.
Mjomba Gwakisa hajatuazima kitu tena,
hata jembe.