Nukta Sifuri

Faili lake lilifika mezani kwangu Jumanne,
limefungwa kwa uzi wa katani,
jalada limelowa chai ya mtu wa zamu ya usiku.
Mntangi, Semhando. Miaka sitini na tisa. Chumbageni, Tanga.

Machi: maumivu ya tumbo. Dawa za vidonda.
Mei: tumbo, na mgongo. Dawa zile zile.
Julai: amepungua kilo kumi na moja. Macho manjano.
Muuguzi mmoja ameongeza pembeni:
anajikuna usiku kucha, halali.
Kisha daktari, mbio mbio, kwa wino unaokatika:
"Saratani, kongosho." Basi.
Sahihi kama mkia wa mjusi.

Kitabu changu kinauliza: kongosho, wapi?
Kichwa ni sifuri, kiwiliwili moja, mkia mbili.
Asiyejua huandika tisa:
C25.9, haikubainishwa.
Tisa ni godoro la karani aliyechoka,
na yalibaki mafaili arobaini,
na watu wa bima walitaka tarakimu zao kabla ya saa tisa.

Nikaandika tisa.

Kumbe mwenyewe kasimama dirishani,
rangi ya bizari, koti limemzidi,
amefuata karatasi ya rufaa.
Akasoma maandishi yaliyompa kisogo, bila miwani.
"Hiyo tisa ni nini?"
Nikamwambia. Ningesema nini?

Akacheka, akashika ubavu.
"Mwanangu, nimepima marobota ya mkonge
miaka ishirini na sita, kule Ngomeni.
Robota lisilopigwa chapa ya daraja
halirudi shambani wala halipandi meli.
Hukaa gatini, panya wakalijua kuliko mwenyewe.
Daraja langu ameshanipangia Mungu.
Wewe piga chapa tu."

Nikalifungua faili upya, kuanzia nyuma.
Chini ya stakabadhi ya maabara, limegandana kwa gundi,
jibu la ultrasaundi:
uvimbe, kichwa cha kongosho, sentimita tatu na nusu,
mfereji wa nyongo umebanwa.
Ndiyo manjano hayo. Ndiko kujikuna.

Nikamfuata daktari wodini, nikampa kalamu yangu
aongeze neno moja, "kichwa", na tarehe.
Tisa nikaikata kwa mstari mmoja,
ili iliyokatwa iendelee kusomeka,
nikaandika sifuri.

Novemba faili lilirudi, limefungwa,
kwenda rafu ya juu tusikopanda mara kwa mara.
Nilitumia uzi ule ule.
Fundo la robota alinifundisha yeye, siku ile dirishani:
zungusha mara mbili, kaza,
ncha usikate.