Tone Moja

Maseno, saa tano usiku, jenereta inakohoa.
Paja la chura wa Ahero limelala katika maji ya chumvi;
nikiligusa kwa umeme linaruka
kana kwamba mwenyewe bado yumo.

Kisha tone moja la dantrolini.
Nagusa: mtikisiko mdogo tu, kama kope.
Kalsiamu imejaa ghalani, nyuma ya utando,
lakini mlango umebanwa;
amri inabisha, inabisha.

Ogweno anaandika: imezuiwa.

Mimi namwazia mama, mpanda mpunga,
shavu la mguu wake likikaza alfajiri kama jiwe.
Dawa hii si yake, tena ghali.
Jumamosi nitashuka Ahero, nimkande kwa viganja,
polepole,
mpaka jiwe likubali tena kuwa nyama.