Meno Mia na Thelathini na Tano

Le Sentier. Theluji imefika kizingitini.
Odile Capt anafungua kifurushi kilichorudishwa:
saa ya dhahabu nyeupe, na barua ya mwenyewe.
"Akrabu moja inakimbia.
Kila siku dakika nne, kasoro sekunde nne.
Nimelipa bei ya nyumba. Itengenezeni."

Odile hacheki. Anabana lenzi jichoni.
Miaka mitatu aliilea saa hii mezani,
akipiga msasa kingo ambazo hakuna atakayeziona.

Almasi ziko, zinang'aa, basi.
Uso wa rangi ya wino ulionyunyiziwa fedha?
Hata kisahani cha chai huchorwa nyota.
Mwezi unaochungulia dirishani, afadhali,
ila uliza gurudumu lake lina meno mangapi.
Hamsini na tisa: kabla mwaka wa tatu haujaisha
mwezi wa saa na mwezi wa mbinguni wamepishana siku nzima.
Mia na thelathini na tano: siku hiyo moja
huikosea kwa miaka mia na ishirini na miwili,
na atakayekuja kulalamika ni kitukuu.

Halafu jua. Jua halikuajiriwa na benki.
Novemba huwahi dakika kumi na sita,
Februari huchelewa kumi na nne,
na saa nyingine zote hulisitiri
kama familia inavyositiri deni.
Hii ina kichuma chenye umbo la figo,
na kidole kinachokipapasa mwaka mzima
kisha kinasema kweli.

Na hiyo akrabu inayokimbia?
Inahesabu nyota.
Kilimia hakingoji saa ishirini na nne zitimie
ndipo kirudi pale kilipokuwa jana.

Anageuza bahasha. Stempu ya Perth.
Saa iliagizwa kwa anga la Bergen;
nyuma yake, Nyota ya Kaskazini iko juu, imara,
nyota ambayo huko aliko mwenyewe
iko chini ya miguu yake, upande wa pili wa ardhi.
Miezi tisa. Dakika nne ameziona.
Mbingu nzima iliyokosewa, hajaiona.

Anaandika: "Bwana Halvorsen, saa ni nzima.
Toka nje usiku, uitazame tena.
Kisha niambie ni anga lipi nikuchongee."

Anazima taa. Jikoni kwake
saa ya plastiki iko mbele dakika tano,
kwa makusudi, kwa sababu ya treni.