Alama ya Kofia

Saa nne za usiku, na jua bado halijaamua.
Limeegemea misonobari ng'ambo ya ziwa
kama mgeni aliyekwisha kuaga
akabaki mlangoni, anaongea.
Huu ndio mwanga ninaouuza.
Mji mzima wa Kuhmo unajua: Juni, msitafute Raakeli nyumbani.

Sina studio. Nina buti za mpira,
dawa ya mbu ambayo mbu wameizoea,
na gari lililojaa mchanga wa maziwa kumi na moja.

Saimi Karppinen amehitimu Jumamosi.
Amekuja na gauni la kijani, viatu kavishika mkononi,
na ile kofia: nyeupe, ukingo mweusi,
kinubi kidogo cha dhahabu juu ya paji.
Bibi yake, Hilkka, kaja na yake ya mwaka sitini na tatu,
imegeuka rangi ya siagi.
"Unaweza kuifanya nyeupe kwenye kompyuta?"
Naweza.
"Basi usiifanye."

Nikawasimamisha kwenye miti ya gome jeupe,
gome linalobanduka kama karatasi ya barua ya zamani.
Shusha bega, Saimi. Usinitazame mimi, tazama maji.
Eelis, toa kidole.
Kijana wa miaka tisa ana vidole vingi kuliko tunavyodhani.

Baba yao nilimpa kitambaa cha fedha
cha kurudisha mwanga usoni mwa binti.
Akakishika kama ubao wa kiwandani,
sawasawa, bila kutikisika;
miaka ishirini na sita anashika mbao.
"Jouni, ingia na wewe."
"Mimi niko kazini," akasema,
na mwanga ukakaa palepale nilipoutaka.

Kofia ya mama yake, kofia ya binti yake,
na katikati yeye, kichwa wazi,
nywele zimepungua.
Hakuna aliyelitaja. Huku watu hawataji.

Kisha betri ikafa.

Nimeinama mfukoni natafuta nyingine
nikasikia vichaka vya beri vinachakaa:
Saimi, pekupeku, anakatiza nyasi zenye maji,
anavua kofia,
anaiweka kichwani mwa baba yake.

Haikumtosha. Akaisukuma kidogo, ikakaza.
Jouni hakuachia kitambaa.
Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, angefanya nini?
Mwanga wote ukampiga yeye.
Eelis akataka kucheka, akaumeza mcheko.
Mbu alitua shavuni, akanywa, akashiba, akaondoka.

Halafu Jouni akalaza kitambaa chini polepole,
akaivua kwa mikono miwili,
akafuta jasho ndani kwa mkono wa shati,
akairudisha.
"Itachafuka," alisema.

Betri ilikuwa kiganjani mwangu, imejaa, baridi.
Ningeweza kusema: rudieni.
Nimekwisha kusema rudieni kwa maharusi,
wakarudia hata machozi.
Nikaitia betri mahali pake, nikafunga kifuniko,
nikakohoa.

Safari hii aliingia mwenyewe.
Akasimama nyuma ya mama yake, mikono haijui pa kwenda.
Kitambaa nikakiegemeza kwenye jiwe,
mwanga ukaja kombo kidogo. Sikujali.

Sasa niko mezani, dirisha jeupe ingawa ni usiku,
napitia picha moja baada ya moja.
Watu hunilipa niondoe:
chunusi, mikunjo, waya wa umeme, mkoba uliosahauliwa.
Kwenye hii ya wanne, ukiikuza,
paji la Jouni lina mstari mwembamba mwekundu
kutoka sikio hadi sikio,
mahali kofia ilipombana.

Nimefuta mbu wawili.
Nimefuta kidole cha Eelis.
Kahawa imepoa. Nimehifadhi.