Amana ya Gramu Kumi

Shailobala Gayen alifika Jumanne, saa nne asubuhi,
kandambili mkononi, miguu kaiosha bombani,
akasoma kibao cha mlangoni kwa sauti:
BENKI YA MBEGU.
"Basi karani ndiye wewe?"
Ndiye mimi, Nirupam, mwenye funguo za chumba cha baridi,
mvaa sweta mwezi wa Mei.

"Nimekuja kutoa."

Akaeleza. Zamani, mama mkwe wake akiwa na meno yote,
alipita bwana mmoja na mizani ya mfukoni,
akaomba konzi ya mpunga mwekundu, ule unaoota penye chumvi.
Akapewa. Na chai akapewa. Akaaga.
Risiti hakuandika.
"Miaka arobaini na sita," akasema. "Hebu nipigie hesabu ya riba."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisiwani kwao Kumirdanga, baada ya bwana huyo,
ilikuja mbegu fupi ya serikali, nusu bei,
na mbolea yake nusu bei,
na mkopo wa kununulia hizo nusu mbili.
Wakavuna magunia kumi na nane palipotoka tisa.
Asiniambie mtu ilikuwa hila: watoto walinenepa,
Shailobala mwenyewe aliezeka bati.
Mpunga mwekundu ukasogezwa pembezoni, ukawa wa bata,
kisha hata bata wakausahau.

Halafu tuta likakatika, usiku wa kimbunga.
Bahari haikubisha hodi. Ililala shambani siku tisa,
ikaondoka, ikaacha chumvi
kama mgeni anayesahau mzigo makusudi
apate sababu ya kurudi.
Mbegu fupi ilichipua manjano, ikafa kwa adabu, mstari kwa mstari.
Mkopo haukufa.
Mkopo hauogopi chumvi.

Nikampa fomu, kurasa sita.
Taasisi ya mwombaji: tukaandika Gayen.
Madhumuni ya utafiti: kula.
Kipengele cha tisa kinasema mpokeaji
hataidai mbegu hii kuwa mali yake.
Akaniomba nikisome tena, polepole.
"Na yule bwana," akauliza, "yeye alitia sahihi wapi?"

Nina miaka ishirini na miwili pale.
Najua kila rafu na baridi yake.
Hilo sikulijua.

Rafu ya saba, pakiti 4417:
*Mwekundu, wa chumvi. Mtoaji: mwanamke mmoja.*
Basi. Mwanamke mmoja.
Nikapima gramu kumi, ndivyo kanuni inavyotaka,
na mizani ilipotulia, mkono wangu ukatetemeka kidogo,
kwa kukusudia.

Alizihesabu juu ya meza yangu, punje mia nne thelathini na moja,
akazifunga kwenye upindo wa sari,
pale wanapofunga fedha.

Mwaka wa kwanza alipanda kwenye mabeseni. Hakula.
Mwaka wa pili kitaluni. Hakula.
Mwanawe akaenda Chennai kubeba matofali
ili mama asiile mbegu;
gharama hiyo haimo katika jedwali lolote nililowahi kujaza.
Mwaka wa tatu majirani walipanga foleni na vikombe:
chukua konzi moja, rudisha mbili.
Dalali Haripada alichota, akanusa, akamwaga.
Mwekundu hauna bei elekezi.
Sisi tunaita shambani mpunga, guniani mchele, sahanini wali;
orodha ya serikali ina jina moja tu,
nalo si la huu.

Juzi posta wameniletea kifurushi, kimeshonwa kwa uzi wa neti ya mbu.
Ndani, konzi mbili za mpunga mwekundu
na kipande cha daftari la shule:
"Deni langu hilo. Naomba risiti."

Nimepekua kabati zote, hadi ya mkurugenzi.
Kitabu cha risiti hatuna.
Hatujawahi kuwa nacho.