Daftari la Shaame

Ukurasa wa kwanza ni rambirambi.
Niliuandika mwenyewe siku ya hitma,
kwa kalamu ya kuazima iliyokuwa ikikauka:
Bi Time wa Tumbe, elfu mbili.
Timu ya Makangale, elfu kumi na tano, na sukari kilo tatu.
Asiyetaka kutajwa, elfu tano.
Mama akasema, pesa hizi haziliwi.
Sukari tuliinywa.

Ndugu yangu alikuwa kipa wa Konde.
Kabla ya mechi hujining'iniza kwenye mwamba wa goli,
miguu juu, kichwa chini, fulana imemfunika uso,
na watoto nyuma ya goli: Popo! Popo!
Jina akalipenda. Akalifanyia kazi.
Kila alfajiri, watu wakitoka msikitini,
yeye keshasimama kando ya msitu wa makaburi
akiwahesabu popo wanaorudi kulala:
kumi, karafuu moja mfukoni;
kumi tena, karafuu nyingine.
Akija kunywa chai ananukia kama jamvi la kuanikia.

Homa ilimchukua kwa siku nne.
Nilipofua koti lake nikakuta karafuu arubaini na moja.
Sikujua niziandike wapi.
Nikaziandika chini ya mapato.

Kikao cha kwanza kilikuwa na kelele.
Vijana walitaka mpira wa ng'ozi, jezi, njumu.
Mimi nilitaka miche.
"Popo anakula mafenesi yetu, na nyinyi mnamchangia?"
alisema Ngwali Bakari, na watu wakacheka,
nami nikacheka, maana ni kweli, hata letu alilila.
Tukakubaliana nusu kwa nusu.
Mfuko wa Marehemu Shaame, wa mpira na popo.
Karani wa sheha aliuliza mara mbili
kabla ya kugonga muhuri.

Mpira, mmoja.
Jezi, kumi na mbili, mbili zinaburura.
Miche ya mivule, sitini.
Iliyoliwa na mbuzi wa jirani, kumi na tisa.

Halafu Ngwali akaja usiku na kiroba begani.
Ndani yake nyavu nne za kunasia popo,
bado zimeshika manyoya ya rangi ya kutu.
Hakukaa. "Nipeni bei," alisema.
Na akiwa keshafika mlangoni:
"Mwanangu Khatibu anataka kuwa kipa."

Tulizishona siku mbili, mimi na Mize na Bikombo,
mbili kwa mbili, tukazifunga magolini.
Uwanja wetu haukuwahi kuwa na nyavu.
Zamani bao likiingia tulibishana mpaka magharibi
na mpira tukaufuata mihogoni.
Sasa unaingia, unatulia,
na watu wananyamaza kidogo
kama waliosikia jina.

Baada ya kila mechi nyavu zinakunjwa.
Hiyo ni kanuni, nimeipigia mstari.
Lakini siku ya Tumbe mchezo ulichelewa kuanza,
ukachelewa na kumalizika,
popo mmoja akanasa juu, pembe ya kushoto,
pale ambapo Shaame hakufungika.
Refa akapiga filimbi, hajui faulo ni ya nani.
Khatibu akamwendea na glavu za mfuko,
akawa anamfungua tundu kwa tundu, bawa kwa bawa,
anang'atwa wala hamwachi,
na baba yake nje ya chaki anamwelekeza:
taratibu, anza na kucha, usimvute.
Nani mwengine angejua?

Nimeandika: glavu, jozi moja, kidole gumba kimetoboka.
Tulifungwa mbili bila.

Jana kabla ya adhana Khatibu alibisha hodi.
Nilidhani amekuja kuomba glavu mpya.
Alitaka kitu cha kuhesabia.
Nikafungua kopo, nikammiminia zote kiganjani,
kavu, nyepesi, harufu bado imo.
Kwenye daftari, mbele ya karafuu arubaini na moja,
nimeandika: zimetoka.