Kitabu cha Wageni, Barabara ya Kumi na Sita

Safu saba, zimepigwa kwa rula iliyokatika:
jina, kazi, kabila, utokako, uendako,
chumba, sahihi.
Ya kabila tajiri alisema niiache wazi.
Wageni huijaza wenyewe, pengo linawasumbua.

Mimi Mwantumu wa mapokezi, mwaka wa tisa,
watu nimewajua kwa mwandiko.
Anayekandamiza kalamu ataomba apunguziwe.
Anayeandika "biashara" bila kusema ya nini,
usimuulize, mpe taulo.
Wazungu wawili waliotoka mapango ya Amboni
kwenye uendako waliandika: kesho.
Nikawachemshia maji ya kuoga,
wakanipiga picha nimeshika ndoo,
kana kwamba kwao maji hujibeba.

Juu ya kichwa changu, rangi ya kijani:
WAJA LEO, WAONDOKA LINI?
Mchoraji alikosea vipimo,
"lini" imejikunyata pembeni
kama mkwe aliyekosa kiti.

Alhamisi akaingia mtu na cherehani isiyo na meza,
kaifunga kwa kanga.
Jina: Akida Shembilu. Kazi: fundi.
Utokako: Musoma.
Uendako: akasita. Akaandika: hapa.

Hapa si pa kwendwa, baba, hapa pa kulala.
"Basi nipe namba nne."
Nne ina mtu.
"Nitangoja atoke."
Nikampa saba, ile inayoingia maji.

Ijumaa alikunywa chai na mihogo, akalipa kabla hajaketi.
Akipita namba nne aliinama,
akagusa fremu ya mlango kwa vidole viwili.
Nilidhani kadondosha kitu.

Usiku mvua ikaingia saba bila hodi.
Ndala zikaelea hadi ukumbini.
Tajiri kwenye simu: fundi bomba anataka laki tatu,
sakafu yote ivunjwe.

Siku ya tatu mgeni hupewa jembe,
ndivyo tulivyolelewa,
lakini nyumba ya kulipia haina jembe la mgeni,
ina risiti.
Akaliomba mwenyewe.
Akahesabu hatua kutoka kisimani
(kisima gani? pale pana tangi la plastiki)
saba, nane, akakata kushoto, akachimba.
Ukatokea mtaro wa matofali,
na ndani yake mzizi wa mlangilangi
ambao hakuna kati yetu aliyepata kuuona ukichanua,
umelala kama mkono katika mfuko wa mtu.
Akauvuta. Maji yakakoroma, yakaenda.

Nani alijenga huu?
"Mwenye nyumba."
Tajiri hajui hata kama upo!
Akanawa miguu taratibu, kidole kwa kidole.
"Wa kabla yake."

Sikuuliza tena. Nilikwenda kupiga magoti namba nne.
Chini ya rangi, tabaka juu ya tabaka,
mikato ya kisu, mmoja juu ya mwenzake.
Wa juu kabisa ulinifika kifuani.
Baada ya hapo mtoto hakupimwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nimewaambia watu mia, soda mkononi.
Sikuwahi kujiuliza mwenyeji anaumwa nini.

Tajiri akasema mtoze na siku ya tatu,
kuchimba alitaka mwenyewe.
Nikaandika risiti. Mwandiko ni wangu.
Akalipa, akahesabu chenji,
akasema, "Ahsante, nimepokelewa."
Sijui kama alinishukuru au alinihukumu.

Jumapili namba nne ikawa wazi saa nne asubuhi.
Basi lake lilikwisha ondoka saa kumi na mbili.

Saba sasa ni kavu, tumeipandisha bei.
Jumatano mchoraji anakuja kupaka upya,
milango yote, na ile "lini" ipate nafasi.
Nimemwambia fremu ya namba nne airuke.
Ameniuliza kwa nini.
Nimempa chai.